Kiti cha Mama wa Bibi Harusi

Kamati ya harusi ilikuja kwangu Jumamosi mchana, wanaume watatu ndani ya suti, kunieleza kwamba mie si mama wa binti yangu. Walikunywa chai kwanza. Mwenyekiti wao aliongeza sukari mara mbili.

"Mama, hatukatai kwamba ulimlea," akasema. "Tunachosema ni kwamba kile kiti cha mama, kule mbele kanisani, ni cha mtu aliyeokoka."

Nikamuuliza kama kiti chenyewe kimeokoka. Hakucheka. Akaniambia kuna njia: nivue ushungi kwa muda wa ibada tu, nikubali kuombewa, basi nitakaa. Nikawaambia nywele zangu hata mwenye nyumba hajaziona, na ndiye anayenidai kodi. Wakaomba chai nyingine.

Binti huyu sikumzaa, ni kweli. Mama yake alikuwa Mrundi, mpangaji mwenzangu hapa mtaa wa La Rochelle, huku kusini mwa Afrika, chumba chake na changu ukuta mmoja, jiko tunachangia. Mie ni wa Tanga, Mwislamu wa kuzaliwa. Yeye alikuwa mlokole hasa, wa kufunga na kukesha. Tuligombana kwa mengi, maji, kamba ya nguo, kelele za redio, lakini kwa dini hatukuwahi kugombana. Alipougua na kujua haponi, aliniita akanishika mkono. "Mtoto nakuachia wewe," akasema. "Ila kanisani aende." Baba wa mtoto alikwisha kufia kwao. Nikakubali, na mtoto mwenyewe alikuwa hajaanza hata shule.

Basi kila Jumapili nilimwogesha, nikamsuka, nikamfikisha mpaka mlango wa kanisa kule Rosettenville, kisha nikakaa ng'ambo ya barabara na baibui langu kumsubiri. Pasta wa pale alipenda spika kubwa. Nimesikia mahubiri mengi kuliko wazee wa kanisa, tena bila kusinzia, maana nilikalia tofali.

Na msidhani watu wa upande wangu waliniacha nipumue. Mzee mmoja wa msikitini alinisimamisha njiani. "Bi mkubwa, mtoto umekaa naye miaka yote hii, umeshindwa kumsilimisha?" Utadhani nimeshindwa kumfundisha kusukuma chapati. Nikamwambia huyu ni amana, na kitu cha amana hukipaki rangi nyingine. Akaondoka akitikisa kichwa. Tangu siku ile hanisalimu, na mie sijafa.

Mtoto akakua. Kiswahili anakielewa chote, ila anajibu kwa Kiingereza na Kizulu, isipokuwa akitaka kitu. Hapo Kiswahili kinamjia chenyewe. Akapata mchumba, kijana wa Kirundi, mpole, wa kanisa jipya kule Malvern. Pasta wa kanisa hilo wakati wa uchaguzi hupanda jukwaani kuwaombea wagombea, na nadhani kwao ndiko alikojifunza kwamba watu hukusanyika upesi ukiwaonyesha wa kumwogopa. Safari hii alituchagua sisi Waislamu.

Alianza na mbuzi. Katika uwanja wetu wa nyumba desturi ilikuwa moja: mbuzi awe wa nani, sherehe iwe ya nani, kisu anashika mume wangu. Akishachinja yeye, kila mtu anakula, habari imekwisha. Warundi, Wakongo, wote walimwita. Sasa pasta akatangaza kwamba nyama iliyotajiwa jina la mungu mwingine haiingii harusi yake. Mume wangu alipoambiwa, alikifunga kisu chake kwenye kitambaa. "Haya," akasema. "Na sisi tusile ya kwao." Nikawaambia wote wawili, yeye na pasta ambaye hayupo, kwamba hawana akili. Kamati ikaamua: mbuzi wawili, sufuria mbili, mahema mawili.

Wiki chache kabla ya hapo waandamanaji walipita mtaani kwetu na mabango, wanataka wageni waondoke. Tulifunga milango. Mwenyekiti wa kamati, ambaye njia ilimkatikia hapo, alijificha chumbani kwangu, akakaa chini ya picha ya Kaaba kwa utulivu mkubwa. Wale wa nje hawakuuliza nani kamchinja mbuzi.

Siku tatu kabla ya harusi binti alikuja jikoni. Nilikuwa nakanda unga. Akasimama mlangoni akisugua vidole.

"Mama. Uvue kidogo tu. Saa moja tu, halafu unavaa."

Kwa Kiswahili safi. Loh! Kamati ilikuwa imenikera, pasta alikuwa amenichekesha, lakini hili liliniuma mpaka kwenye mifupa. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi nilipokuwa nakusubiri nje ya kanisa, nilikuambia uvue nini?" Akaanza kulia. Mie nikaendelea kukanda, maana machozi yangu yakianza hayana breki. Aliondoka bila kuaga, na chapati za siku ile zilikuwa ngumu, hazikulika.

Kamati ikamteua mama mmoja wa kwaya kuwa mama. Mama mwema, sina ugomvi naye. Alinipigia simu kuniuliza binti anavaa kiatu namba ngapi na kama ana ndugu.

Siku yenyewe nilikwenda. Kanisani niliingia, nikapewa benchi la mwisho, pembeni ya vipaza sauti, mahali nilipopazoea. Nilimwona akipita katika gauni jeupe, na yule mama wa kwaya akasimama pale mbele alipotajwa mama mzazi. Nilikuwa na wivu. Wivu mbaya.

Baadaye tukahamia uwanjani, kwenye mahema mawili. Mpishi alikuwa mama mmoja wa Kikongo, peke yake kati ya mioto miwili, jasho linamtoka. Mchana ulipofika kila mtu alimwona kwa macho yake: alikoroga sufuria ya hema la kwanza, akapiga hatua, akakoroga ya pili. Mwiko ni uleule. Kimya kikaanguka mahema yote mawili kwa pamoja, jambo ambalo kamati haikuwa imelifanikisha hata mara moja. Pasta akasema nyama yake imechafuliwa. Wazee wetu wakasema yao ndiyo iliyochafuliwa. Mpishi akasema mwiko aliuosha asubuhi. Mwishowe wenye msimamo wa pande zote mbili walitoka wakaenda Jules Street kununua chipsi, wakasimama foleni moja, na hakuna aliyeuliza mafuta yale yamekaanga nini jana yake. Tuliobaki tukala mbuzi. Alikuwa mtamu.

Ikafika zamu ya keki. Mshereheshaji akamwita mama mzazi. Mama wa kwaya akaketi, binti akapiga magoti mbele yake, akamlisha, watu wakapiga makofi na vigelegele. Niliangalia chini, nikajifanya natafuta kandambili yangu.

Niliponyanyua uso, gauni jeupe lilikuwa linakuja kati ya meza. Alipita hema la kwanza, akaingia la pili, akafika kwenye kiti changu cha plastiki karibu na majivu. Akapiga magoti kwenye kokoto na gauni lake lote. Mkononi alikuwa na kikopo kidogo cha chakula, kimefunikwa.

"Ile ya kule mbele ina brandi," akaninong'oneza. "Hii ni yako. Haina brandi, haina jelatini ya nguruwe. Nilikaa kwa mwokaji mpaka ikaiva."

Nilikuwa nimejiapiza sitalia mbele ya watu wale. Nililia, tena kwa sauti. Nikafungua mdomo hivyohivyo, akanilisha.

Spika ikalia: bibi harusi anaombwa kurudi mbele, mama yake anamsubiri. Binti yangu hakugeuka. Alinifuta krimu kwenye kidevu kwa ncha ya ushungi wangu.

"Tafuna, mama," akasema. "Usiwasikilize."