Onyo Lililozimwa Kabla ya Maombi

Rael alikuwa mtu wa hofu tangu zamani. Akitoka chumbani kwake Kangemi alirudi tena kuhakikisha amezima jiko, na kazini, katika maabara ya damu katikati ya jiji, hakuandika programu yoyote bila kuiogopa kidogo. Ungedhani mtu wa namna hiyo hawezi kukosea. Thubutu! Anakosea sana, kwa sababu kinachomtisha kuliko vyote ni uso wa bosi.

Maabara ilimwajiri atengeneze ukurasa wa mtandao wa kuonyesha makundi ya damu ya wagonjwa, ili hospitali ndogo za Riruta zisizo na vipimo vyao zisome majibu moja kwa moja. Ukurasa ulienda vizuri, isipokuwa juu kabisa palijitokeza mstari wa Kiingereza karibu kila siku. Kompyuta ililalamika kwamba imeambiwa ionyeshe jibu, lakini kisanduku cha kuwekea jibu hilo katika kumbukumbu yake hakijawahi kutiwa kitu. Wauguzi wakiuona walipiga simu kuuliza kama mambo ni sawa.

Bosi wake, Mbugua, hakuupenda hata kidogo.

"Rael, hiyo maneno iko hapo juu ni ya nini? Kesho tuko na wageni, na pasta anakuja kuombea hii website. Unataka tuchekwe?"

"Ni warning tu, boss. Mgonjwa wa kwanza kwa list hajapimwa, ndio maana. Haina shida."

"Basi itoe."

Akaitoa. Hakutafuta chanzo chake. Aliandika amri moja ya kuizuia kompyuta isionyeshe maonyo, ukurasa ukawa safi, naye akarudi nyumbani na amani ambayo hakuizoea.

Kesho yake wageni walikaa kwenye viti vya plastiki, soda zikapangwa, orodha ya asubuhi hiyo ikamulikwa ukutani kwa projekta, na pasta akasema tufumbe macho. Rael alifumba, kisha akachungulia, maana wasiwasi haukumruhusu kuuacha ukurasa wake peke yake. Akasoma majina. Musembi, AB. Wanjira, AB.

Wanjira? Chupa yenye damu ya Wanjira ya kupimwa ilivunjika jana. Alisikia watu wa maabara wakilaumiana. Huyo mama hakuwa amepimwa kabisa!

Alielewa papo hapo, na kuelewa kukawa kubaya kuliko kutoelewa. Kompyuta ilipita kwa wagonjwa wote na kisanduku kile kile, na yeye hakuiambia ikisafishe kabla ya kila mmoja. Asiyekuwa na jibu alipewa la aliyemtangulia, kimya kimya. Ni wa kwanza tu, asiye na wa kumtangulia, aliyeifanya ilalamike, na malalamiko hayo ndiyo aliyoyazima.

Pasta alikuwa bado anawaombea madaktari. Kwetu hapa mtu haondoki katikati ya maombi, labda awe anazimia. Rael alisimama, kiti kikakwaruza sakafu, akapita mbele ya magoti ya wageni huku Mbugua amefumbua jicho moja lenye hasira.

Nje ya mlango alipiga simu katika hospitali ya Riruta iliyoleta damu ya Wanjira. Sista Njambi, muuguzi wa huko, akashika.

"Sista, yule Wanjira wenu, mmempatia damu?"

"Ndio tunamwekea sasa hivi. AB, si nyinyi mmeandika?"

"Msimpe! Tafadhali, sista, msimpe! Hiyo group si yake, hajapimwa!"

Simu ikatupwa mezani. Rael akasikia viatu vikikimbia, mlango ukigonga ukuta, mtu akiita jina. Nyuma yake wageni walisema amina na kupiga makofi. Alijishika kifua kwa mkono mmoja akimsihi Mungu isiwe imeingia, hata kazi aichukue, ila isiwe imeingia.

Sista akarudi akihema. "Nimefunga. Ilikuwa kwa mpira tu, haijafika kwa mkono."

Rael aliegemea ukuta, machozi yakamtoka bila aibu. Alishukuru kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama yake.

"Lakini Rael," sista akasema, sasa polepole, "kuna mzee tuliwekea damu jana jioni, tukisoma hapo hapo kwenu. Yale maneno ya juu hayakuwepo, kwa hivyo hatukupiga simu kuuliza. Ameamka akitetemeka. Tukadhani ni malaria."