Anayeshika Majina ya Walio Shimoni

Saa mbili asubuhi, Sellah Mideva amesimama juu ya shimo la dhahabu Malinya, kusini mwa mji wa Kakamega, akinong'ona majina huku akivuta ndoo ya udongo. Wachimbaji wanne wameshuka. Mmoja anapanda, macho tu ndiyo yanaonekana, na jina lake halisikiki tena mdomoni mwa Sellah.

Kazi yake ni hiyo: kuvuta ndoo na kujua nani yuko chini. Kuandika hawezi, mikono iko kwenye kamba. Jioni kila mchimbaji humpa shilingi kumi. Yeye mwenyewe hashuki, kwani hapa ni mwiko mwanamke kuingia shimoni.

Akili hiyo hakuianzia Malinya. Alihudumu miaka mingi katika hoteli ya Alice Andati mjini, ambako maagizo yalibebwa kichwani. Mwanzoni aliyeitisha chai aliletewa obusuma, yaani ugali.

"Nilikuwa nataka kukumbuka kila mtu," anasema. "Mama Andati akaniambia, 'Ukishaweka sahani, huyo mwachilie. Shika wale bado.' Hapo ndio kichwa ilitulia."

Hoteli ilipofungwa mwaka 1994 alikuja shimoni, na mambo yakamvuruga upya. Alikuwa akiwaita watu waliokwisha kwenda zao. Ilichukua muda kugundua kwamba kazi ni ile ile.

"Mtu akitoka juu, huyo amekula," anasema, bila kucheka.

Machi mwaka huu wa 1996, udongo uliporomoka. Wachimbaji walitoka mbio, wakasema wote wamepona. Na mchimbaji Osiako je, Sellah akauliza. Walimwona akipanda mapema, basi yuko nyumbani. Sellah pia alimwona akipanda, lakini alimwona tena akirudi kuchukua sururu yake.

"Nikawaambia Osiako hajatoka. Mmoja akanivuta mkono, 'Mama Joash, umechanganyikiwa, twende.' Nikakataa."

Walichimba hadi jioni. Osiako alitolewa hai, mguu umevunjika.

Sifa zilimiminika, lakini sifa hazileti usingizi. Inasikitisha kumwona mama huyu akishtuka kila anaposalimiwa kazini.

"Mtu anaweza kunisalimia tu, nigeuke, jina ianguke," anasema. "Na huyo mtu ako chini, ananitegemea."

Ndiyo maana ananuia kuacha shimo na kufungua kibanda cha chai sokoni. Birika ameshanunua.

"Kule pia nitasahaunga mtu," anasema. "Lakini huyo ataniita mwenyewe."