Mabegi ya Kijani na Meno ya Bibi

Nilikabidhiwa meno ya bibi yangu katikati ya bahari, tukitoka Unguja kurudi Dar es Salaam, yakiwa yamefungwa kwenye leso. Boti ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu asiyejua anataka nini maishani. Bibi, mtu wa milimani ambaye maji mengi aliyoyazoea ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe, alishatapika mara mbili, akahofia kwamba mara ya tatu meno yatakwenda na maji. Akayatoa yote, ya juu na ya chini, akaniwekea mkononi bila kunitazama.

"Usiyatie mfukoni, utayakalia."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho mpaka jioni. Meno nikayatia kwenye begi lake, mfuko wa pembeni, nikafunga zipu. Mjukuu mwema. Nilijipongeza hata.

Tulikuwa kwaya ya usharika, watu thelathini kutoka mlimani juu ya Same, tumetoka kuimba ng'ambo. Wengine waliingia kwaya kwa wito. Mimi niliingia kwa sababu ya safari, na mwalimu wa kwaya alilijua hilo, ndiyo maana alinipanga nyuma ya spika.

Kabla hatujaondoka Same, mwalimu huyo alitupa ushauri mmoja wa busara: kila mtu afunge kitambaa kwenye begi lake ili alitambue kwa mbali. Sasa, nyumba zetu zote zilikuwa na vipande vya kijani vilivyobaki fundi aliposhona sare. Unafikiri tulifunga nini? Na mabegi yenyewe tuliyanunua kwa muuzaji mmoja pale stendi, meusi yote, kwa sababu Mpare akisikia mwenzake amepunguziwa bei hatulii mpaka na yeye apunguziwe palepale.

Gatini Dar es Salaam wakasema mizigo yote iende kwenye toroli, abiria washuke mikono mitupu. Begi la Bibi likachukuliwa miguuni petu. Nilikuwa nimechoka, nanuka matapishi ya watu wazima wenye heshima zao, nikaliachia tu. Tulipofika nje, toroli lilikuwa limefunikwa na kijani mpaka juu.

"Haya mama, lako lipi?" kuli akamuuliza mama wa kwanza.

"Hilo la kitambaa cha kijani."

Kuli aligeuka akalitazama toroli. Akamgeukia mama. "Nyie ni kwaya au mmefanyiana makusudi?"

Watu walianza kuvuta mabegi. Baba mmoja wa besi alifungua begi akakuta sidiria, akalifunga haraka kama ameona nyoka. Basi letu lilikuwa linapiga honi. Mwalimu, ambaye naye uso ulikuwa umegeuka rangi ya sare, akakata shauri: "Pakieni yote kwenye buti. Tutachambua Same." Kila mtu akasema ndiyo. Watu waliochoka hukubali chochote.

Hapo ndipo nikayakumbuka meno.

Nilikimbilia kwenye buti nikafungua mabegi mawili. La tatu sikulifikia. "Wewe binti, unapekua nini mizigo ya watu?" konda akauliza. Nikapanda, nikakaa kando ya Bibi, nikamnong'oneza. Alivuta khanga mpaka puani. Kisha akanyoosha mkono nimpe simu yangu, akaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kuanzia bandarini mpaka tumeiacha Kibaha:

BABU ASINIONE HIVI

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Babu ndiye angekuja kutupokea Same. Babu akisafiri mimi hulala chumba cha Bibi, kwa hiyo najua: meno hutoka taa ikishazimwa, huingia kabla jogoo hajawika. Miaka yote hiyo ya ndoa, na mzee hajawahi kumwona mkewe mdomo mtupu. Nikamwahidi kwamba kila basi likisimama nitashuka nisimame kwenye buti, na meno yatapatikana kabla ya Same.

Korogwe tulisimama kula. Nilishuka, nikafungua manne, konda akanifukuza tena. Niliporudi, mama mmoja alikuwa amemshikia Bibi hindi la kuchoma mbele ya khanga.

"Kula basi mama, toka asubuhi hujatia kitu."

Bibi akatikisa kichwa. Akanitazama mimi.

"Amefunga," nikasema.

"Amefunga?"

"Anaiombea kwaya."

Mdomo wangu huwa unatangulia, mimi nafuata. Habari ikasafiri kiti kwa kiti mpaka kwa dereva. Tulipofika Mombo, mama wawili walikuwa wamerudisha mayai yao kwenye mfuko, nao wamefunga. Mwalimu akaja ameshika viti, akaomba Bibi atuongoze kwa neno fupi.

"Anaomba kimoyomoyo, shikamoo mwalimu," nikasema, salamu na uongo kwa pumzi moja.

Bibi alinifinya paja. Nilijaribu kumchekesha. Nikamwambia akitaka naweza kumtafunia. Nikamwigiza mwalimu anavyofumba macho akiimba. Hakuna kitu. Alitazama tu mkonge unavyopita dirishani, mistari na mistari, na jasho likimtoka chini ya khanga. Nikaishiwa. Sijawahi kuishiwa. Kuchekesha mtu asiyecheka kunachosha kuliko kubeba maji.

Baada ya Hedaru nikasinzia. Najitetea hivi: tuliamka saa kumi alfajiri, na milima yetu ilikuwa imeanza kuonekana upande wa kulia, nikajiona nimefika. Nilipofumbua macho basi lilikuwa linaondoka Makanya. Nyuma, kwenye vumbi, mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye siku hizi anakaa hapo, alikuwa anakwenda zake na begi jeusi lenye kitambaa cha kijani.

Nikaomba, kwa mara ya kwanza kwenye safari nzima ya kanisa, kwamba begi lile liwe lake.

Same mizigo ilishushwa chini, tukachambua kweli, begi kwa begi, kila mtu akifungua na kutazama kama ni lake. Likabaki moja, na halikuwa la Bibi. Ndani yake mlikuwa na gauni la kulalia na karafuu. Nikampigia yule mama wa Makanya.

"Shikamoo mama. Umefungua begi?"

"Marahaba. Ndiyo nalifungua." Zipu. "Mwanangu, humu mna meno."

"Ndiyo mama."

"Ngoja niyatie kwenye kikombe."

Bibi hakushuka. Basi lilikuwa tupu na yeye amekaa palepale. Wale mama wawili waliofunga walisimama chini wakimsubiri amalize maombi ili wale. Na Babu akaja, amevaa koti lake la Jumapili, fimbo mkononi.

"Shikamoo Babu. Bibi amechoka kidogo, labda ungemsubiri kule..."

"Marahaba. Pisha."

Akapanda. Nikamfuata, maana kosa lilikuwa langu. Alisimama mbele ya mkewe, akaitazama khanga, akayatazama macho juu ya khanga. Hakuuliza anaumwa nini.

"Mzigo wote umefika?" akauliza.

Bibi akatikisa kichwa.

"Kilichobaki ni kikubwa?"

Bibi akatoa mkono, akaonyesha kwa vidole viwili. Kadogo hivi.

"Basi twende. Kitaletwa. Mimi nilidhani bahari imekumeza wewe mzima."

Na Bibi akacheka. Khanga ikaanguka mapajani, fizi zote nje, machozi yanamtoka, na Babu amesimama anamtazama hivyohivyo, hana haraka. Kutwa nzima nimehangaika, mzee anapanda na kichekesho kimoja, tena sio kizuri. Mpaka leo sijui kama alikuwa anajua siku zote. Nilimuuliza. Alinituma kuni.

Walishuka pamoja, mdomo wazi. Mama waliofunga wakamenya mayai. Mimi, miguu imevimba, nikaambiwa nilirudishe begi la watu Makanya jioni ileile. Nikapata kiti cha mbele kwenye gari dogo, nikalipakata.

"Mzigo wako huo?" dereva akauliza.

"Hapana. Wangu uko Makanya, kwenye kikombe."