Kilichokuwa Kifuani mwa Mbwa Wetu

Mvua za masika zilipozidi mwaka ule, mbwa wetu alianza kukohoa. Tulikuwa tukikaa mtaa wa Mowlem, kwenye nyumba ya chini ya ploti ya kupanga, mimi na baba yangu, ambaye alikuwa ameacha kuchonga vinyago baada ya vidole kukakamaa. Alikuwa amechonga zaidi ya miaka arobaini: twiga, vifaru, vijiko vyenye vichwa vya swara. Mbwa nilimleta mimi. Baba alisema mbwa ni wa boma, si wa ploti, lakini kila asubuhi alipokwenda nyuma kuketi karibu na magunia ya udongo aliyopandia sukuma wiki, mbwa alimfuata akalala miguuni pake, naye hakumfukuza.

"Huyu amekwamwa na mfupa," baba alisema siku ya kwanza.

Nilimfungua kinywa, sikuona mfupa. Wiki ya pili akawa anapanda vidato vitatu vya mlangoni kisha anasimama kutafuta pumzi, mbavu zikipanda na kushuka. Halafu nikaona damu kwenye ufizi wake. Mbwa wa soja wa geti alikuwa amekufa mwezi uliotangulia kwa kikohozi kama hicho, na sote tulidhani amelishwa sumu. Nikaamua kumpeleka kwa daktari. Baba akachukua kofia yake bila kuulizwa.

Daktari wa mifugo alikuwa mama wa makamo mwenye chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo. Alimsikiliza mbwa kifua kwa muda mrefu.

"Anakula nini?" akauliza.

"Ugali na mifupa. Maini siku ya Jumapili," nikasema.

"Na makoa," baba akasema kutoka kwenye benchi. "Wale konokono wasio na ganda. Wamejaa kwenye magunia yangu tangu mvua ianze. Anawaramba, anawameza. Nilidhani ni mchezo."

Daktari akaweka kalamu chini, akamtazama. Kisha akaomba kinyesi cha mbwa. Alikifunga ndani ya kitambaa chepesi, akakining'iniza kwenye faneli iliyozibwa chini na kujazwa maji vuguvugu.

"Kama ni minyoo ya mapafu, watoto wake watatoka wenyewe, wazame chini," akasema. "Rudini kesho asubuhi."

Asubuhi iliyofuata alidondosha tone moja la maji yale kwenye kioo, akaliweka chini ya hadubini, akanipisha. Niliona uzi mwembamba, mng'avu, ukijipinda na kujinyoosha bila kuchoka. Halafu wa pili. Bila hadubini, tone lile lilikuwa maji matupu.

Daktari alitueleza taratibu. Koa hula kinyesi cha mbwa mgonjwa, mnyoo ukakua ndani yake. Mbwa mwingine akimmeza koa huyo, mnyoo hutoka tumboni, husafiri mwilini hadi moyoni, ukakaa kwenye mishipa inayokwenda mapafuni. Huko huzaa. Watoto hupenya kwenye mapafu, wakakoholewa, wakamezwa, wakatoka tena kwa kinyesi, na makoa wanangoja nje.

"Safari yote hiyo," baba akasema, "na hana hata macho."

"Hana, mzee."

Baba aliinama kwenye hadubini. Hakuinuka haraka. Nilimwona akishika ukingo wa meza kwa vile vidole vilivyokakamaa.

"Mkia wake una kona," akasema mwishowe. "Haukuishia hivi hivi tu. Mwishoni umekunjwa kidogo."

Daktari akageuka. "Hiyo ndiyo alama tunayomtambulia. Wanafunzi wanaokuja kujifunza kwangu huhangaika sana kuiona."

"Nimechonga mikia mingi," baba akasema kwa sauti ya chini. "Lakini si kama huu."

Tulipewa dawa, na amri kwamba mbwa asikimbie hata kidogo, maana minyoo inapokufa kifua huweza kuzidi kubana. Siku mbili za kwanza alihema vibaya hadi nikakaa naye sakafuni. Baba naye alikwenda kwa soja akamweleza kilichoelekea kumuua mbwa wake, kisha akapita kwa majirani wenye mbwa mmoja baada ya mwingine, akizungumza juu ya makoa kama mtu aliyetoka safari ya mbali. Mbwa wawili wa ploti ya pili walipimwa wakakutwa na minyoo hiyo, wakatibiwa mapema. Kila alfajiri baba aliokota makoa kwa kijiti, akawatia kwenye kopo la maji ya chumvi, na kuzoa kinyesi uani.

Baada ya wiki kadhaa tulirudi. Tone la maji lilikuwa tupu, na daktari akatuonyesha mara mbili ili tuamini. Kisha akamvika baba kile kifaa cha kusikilizia, akakiweka ubavuni mwa mbwa.

Baba alifumba macho. Mbwa alitulia, ulimi nje.

"Unasikia nini?" nikamuuliza.

Akaniashiria ninyamaze, akaendelea kusikiliza.