Fiston hakuharibu zile tablet

Mpaka saa hii nikisikia taxi-moto, pikipiki ya abiria, inasimama nje nageuka kuangalia kama ni Fiston. Moyo umekataa kabisa. Jumanne shimo la madini liliporomoka, jana mchana wakamtoa, kesho asubuhi tunamzika.

Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa fundi wa tablet kwenye shule yetu hapa Musonoi, na mimi ni mwalimu wa darasa la tatu. Aliniita ya Odette, kama dada yake mkubwa, na kila siku alinitania kwamba nashika tablet kama mtu anayeepua sufuria.

Zile tablet zina programu ya kusoma kwa sauti. Mtoto anasoma hadithi, mashine inasikiliza, inampa alama. Mikro inayonasa sauti ikigoma, mtoto anapata sifuri hata kama anasoma kama mhubiri.

Na mikro zetu ziligoma sana, jamani! Kuna wiki watoto wote walibonyeza "Refuser", yaani kataa, pale tablet ilipoomba ruhusa ya kutumia mikro, kwa sababu nyumbani wameambiwa wasikubali kitu wasichokijua. Fiston alicheka mpaka akakaa chini.

Kila mara alianza kwa kujirekodi. "Allô, Musonoi, munanisikia?" Sauti ikirudi, mashine ni nzima, tatizo liko kwenye programu. Isiporudi, anachukua mswaki mkavu anasugua vitundu vyake vyote taratibu. Ukipuliza kwa mdomo anakugombeza hata kama unamzidi umri. "Ya Odette, mate! Unatia mate ndani!"

Halafu darasa langu zima likaanza kupata sifuri.

Naomi ndiye msomaji wangu bora. Alisoma ukurasa mzima bila kukwama, akapata sifuri, akarudia, sifuri tena. Akaanza kulia. "Maîtresse, mashini inanikatala."

Fiston alipiga magoti mbele yake, akamwambia amsomee yeye. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua chaki, akamwandikia kumi kwenye kiganja. "Tablette haisikie. Mi nimesikia." Siku ile Naomi hakunawa mkono.

Sasa nafika pale ambapo nimekuwa nikipakwepa miezi yote hii.

Barabara ya malori inapita karibu na dirisha langu. Vumbi linaingia kila mahali, hadi kwenye meno. Niliziogopea zile tablet. Siku moja baada ya masomo nilinunua skochi, ule utepe wa plastiki usioonekana, nikaziba kila katundu nilikokaona, tablet zote thelathini. Nilijiona nimefanya kazi nzuri. Sikumwambia mtu. Sikujua kwamba kale katundu ka chini ndiko sikio la mashine.

Joto likayeyusha gundi, gundi ikaingia ndani.

Fiston aligundua asubuhi ileile wakubwa wa mradi ulioleta tablet walipokuja kuuliza kwa nini darasa la tatu halisomi. Walikuwa wameshasema kwamba tablet zitahamishiwa shule nyingine. Alibandua skochi mbele yao. Nyingi zilipona palepale. Zile nyingine mikro zilikuwa zimekufa.

Mkubwa mmoja akauliza ni nani aliyebandika hiki kitu.

Nilikuwa nimesimama pale. Fiston akanitazama mara moja tu, akajua. Sijui nilikuwa na sura gani. "Ni mi, chef. Nilibandika juu ya bumbi."

Tulipotoka nje nilimshika mkono. "Ya Odette, weye uko na batoto bane na uko peke yako. Mi nitapata kazi ingine, usiogope."

Tablet zilibaki. Naomi anasoma na mashine inamsikia. Mkataba wa Fiston haukuongezwa.

Kazi nyingine hakupata. Alizunguka Kolwezi nzima na begi lake la bisibisi, kila ofisi wakipiga simu shuleni kuuliza habari zake, na kila mara jibu ni kwamba aliharibu vifaa. Hapo pia nilijikausha. Mwishowe akaenda kuchimba. Nilikutana naye mara moja anatoka huko, amejaa udongo hadi kope, akaniuliza mikro zinaendeleaje.

Juzi kilioni, kabla hajapatikana, mzee mmoja alisema kwa sauti: "Kama hakuharibishaka matablette ya ku masomo, leo angekuwa mu kazi." Watu wakatikisa vichwa. Clarisse, mke wa Fiston, aliinamisha uso kama vile ni yeye aliyeharibu. Nilikuwa karibu naye, nimeshika sahani ya bukari, ugali wetu. Nilikula.

Leo asubuhi nilimweleza mkuu wa shule. Akaniambia nisiandike kitu nikiwa na uchungu, nifikirie watoto wangu. Nimewafikiria. Nimewafikiria mwaka mzima, na Fiston amekufa.

Kwa hiyo someni vizuri, na anayemjua yule mzee amsomee. Aliyeziba zile mikro ni mimi, Odette, mwalimu wa darasa la tatu. Fiston ndiye aliyeziponya.

Clarisse, sitaomba unisamehe kwenye simu. Kesho makaburini nitasimama niseme haya haya kwa mdomo wangu mbele ya wote, na ukinifukuza nitaondoka.

Fiston, mdogo wangu. Katika kujuana kwetu kote ulisema uongo mmoja tu, na ulikuwa wangu. Leo nimeuchukua, nimechelewa. Ulale salama, jina lako ni safi.