Waridi la Mji Ambalo Halijafunguka

Karani wa kanjo, ile baraza ya mji wa Kisii, alikuja kwetu Tabaka na viatu vyeupe. Viatu vyeupe kwa machimbo ya mawe ya kuchonga! Sisi hata nguo ya ndani ilikuwa rangi ya jiwe, kwa sababu vumbi ya pale haichagui. Alivyokuwa anaruka mashimo akishika suruali, nilijua huyu tutacheka naye mpaka jioni.

Akasimama juu ya jiwe kubwa ndio tumuone vizuri. Alikuwa ametoka kwa mkutano Nairobi, na huko alifundishwa ati kila mji mkubwa ng'ambo una ua lake. Mgeni akija anapewa, anarudi nalo kwao, anaweka kwa meza, majirani wanauliza. Sasa Kisii nayo imepata uhuru miaka yote hii na haina ua. Aliongea kwa uchungu, ungedhani ua limeibwa.

"Tumechagua waridi," akasema.

Waridi mimi nilikuwa nimesikia kwa redio tu. Nikainua mkono kama bado niko darasa la saba. "Bwana Karani, si ua tuko nalo? Enda Nyamira, kilima yote ni pareto, nyeupe kama imenyesha mvua ya mawe."

Akaniangalia vile mtu anaangalia kuku ameingia kanisani. "Kijana, pareto ni dawa ya viroboto. Unataka mgeni aende kwao aseme Kisii walimpa dawa ya viroboto?"

"Inategemea amelala kitanda gani hapa mjini."

Wachongaji wakaangua kicheko. Mjomba wangu, ambaye ndiye alinifundisha kazi, hakucheka. Alinikanyaga kidole cha mguu, na alikuwa na haki. Mimi ndiye nilikuwa na shida na huyo karani. Nilikuwa nimejaribu kuuza vinyago vyangu pale mjini kando ya barabara, na askari wa kanjo walikuwa wamenibeba mara mbili. Mara ya pili walirusha kiboko changu cha jiwe ndani ya lori kama muhogo. Kazi ya siku tatu, kichwa kikabaki kwa lami. Bila kibali cha kibanda, ningekaa machimboni mpaka uzee, wachuuzi wakinunua kwangu na kujifanya wao ndio walichonga. Na kibali kilikuwa kwa droo ya huyu mtu wa viatu vyeupe.

"Wewe mwenye mdomo," akasema, "nichongee waridi arobaini za sherehe ya kuzindua ua la mji. Zikipendeza, natia sahihi kibali chako hapo hapo uwanjani."

Akanipa picha nifuate. Picha yenyewe ilikuwa mfuniko wa mkebe wa biskuti, umeanza kushika kutu. Ndio hilo ua la mji wetu. Limetoka kwa biskuti.

Lakini nilichonga. Nilichagua jiwe la rangi ya waridi, lile laini, na nikakata majani ya ua moja moja, yakijikunja moja ndani ya lingine, mpaka mjomba akaacha kazi yake akaja kuangalia. Halafu nikawapa mama na wenzake wasugue, kwa maana kwetu mwanamume anachonga na wanawake wanasugua, nikaenda matanga Mosocho siku mbili.

Mtu asikudanganye kuhusu kusugua. Wanawake wetu wanaweka jiwe kwa beseni ya maji, wanapiga msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu wanapitisha kidole. Kidole kikikwama popote, wanaanza tena. Kwao hiyo ndiyo heshima.

Nilirudi nikakuta kabeji arobaini. Zinang'aa, mviringo, laini kama yai.

"Mama, mmefanya nini?"

"Ulikuwa umeacha makunyanzi mengi sana, momura, kijana wangu," akasema, akipangusa ya mwisho na kitambaa. "Tumeyatoa yote. Ua gani lina uso kama wa mzee? Mikono imetuisha."

Aliniangalia akingojea asante. Sherehe ilikuwa kesho yake. Nikasema asante.

Karani alifungua gunia asubuhi ya sherehe. Akainua moja, akaigeuza, akaifuta kwa tai. "Hii sasa ndio waridi! Kamili kabisa." Hapo ndipo nilijua kwamba huyu bwana hajawahi kuona waridi maisha yake yote. Anajua biskuti.

Mgeni wa heshima alikuwa mama mmoja mkubwa kutoka Nairobi, amesoma mpaka ng'ambo. Akapokea la kwanza mbele ya watu wote, akalipima kwa mkono, akatabasamu.

"Kabeji! Vizuri sana. Nimefurahi mji unaheshimu mkulima."

Karani akawa kama amemeza msasa. Akanionyesha kwa kidole: "Mchongaji mwenyewe ataeleza."

Hatimaye mgeni mwenye macho! Mzaha ulikuwa tayari kwa ulimi, mzaha wa mkebe wa biskuti, ule ungemfanya karani ahame wilaya. Lakini faili la kibali changu lilikuwa kwa kwapa lake. Na mama yangu alikuwa mstari wa mbele na kitambaa chake cha kanisa, amewaambia watu wote kutoka Tabaka kwamba zile zinang'aa ni kazi ya mikono yake.

"Ni waridi, mama," nikamwambia mgeni. "Bado halijafunguka."

Watu wakapiga makofi. Karani alipiga kuliko wote, na akatia sahihi kwa mgongo wangu, nimeinama kama meza.

Niliposoma kibali nikakuta masharti: mwenye kibanda atauza ua la mji tu. Kiboko hapana. Twiga hapana. Mpaka leo nakaa hapo na kabeji zangu, watu wa Ogembo wananunua za kuzuia mlango, na mama anakuja kila Ijumaa na msasa kuangalia kama kuna kunyanzi imebaki.

Watoto wa shule wakipita wanapiga kelele kutoka ng'ambo ya barabara: "Momura, limefunguka?"

Karani naye akipita na viatu vyake anawakemea. "Muacheni," anasema. "Kitu kizuri kinataka subira."