Nyaya Mpya za Mashua ya Baba Mdogo

Safari hii niliifanya kwa sababu ya mgomo wa mama mdogo. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeshuka mnarani pale Bariadi, jasho halijakauka, simu ikalia. Alikuwa baba mdogo Masanja, mdogo wake baba yangu, anayeishi ufukweni huko Busega.

"Wewe si ndiye unayefunga nyaya za minara ya simu?"

"Ndiye mimi, baba."

"Basi njoo ufunge za mashua, kabla sijaiuza."

Kisa nilikuwa nakijua. Mwaka uliopita, wakirudi kutoka Ukerewe, waya mmoja unaoushikilia mlingoti ulikatika katikati ya ziwa. Mlingoti ukaanguka shubiri moja tu kutoka kichwani kwa mama mdogo, mkewe. Tangu siku hiyo hakuigusa tena mashua. Sasa mtoto wa dada yake alikuwa anaolewa kwao Ukerewe, naye akatangaza kwamba atazunguka kwa barabara, apite Bunda, apande kivuko kama watu wengine. Lakini mama mdogo ndiye mshika usukani. Tangu waoane, baba mdogo kazi yake ni tanga. Akasema kama mwenye usukani amesusa, mashua ya nini? Tayari mtu wa biashara ya mchanga alikuwa amekuja kuipima.

Nilisikitika, lakini niseme ukweli, zaidi nilifurahi. Nimepanda minara mingi maishani, na mashua ya tanga sikuwahi kupanda hata moja.

Alfajiri niliondoka Bariadi kwa pikipiki. Nyuma nilifunga roli la waya wa chuma uliosokotwa, mfuko wa spana na klampu, na kifurushi cha pamba mbichi kutoka kwa shemeji yangu wa Nkoma. Dutwa nilisimama kunywa chai. Muuza chai akalikagua lile roli.

"Unakwenda kuvuta umeme?"

"Nakwenda kufunga mashua."

"Mashua inafungwa na waya? Kwani ni mbuzi?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Lamadi nilikata kushoto, barabara ya Mwanza, na ziwa likaanza kuchungulia upande wa kulia, linaonekana na kupotea nyuma ya mashamba ya mpunga. Kila likionekana naongeza mwendo, mpaka nikajionya mwenyewe.

Mchana nilipita Kiloleli, nikashika njia ya vumbi hadi ufukweni. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni, tukasalimiana kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba."

"Mwadila, mwanangu. Mhola?"

"Mhola. Bariadi hawajambo."

Mama mdogo akaleta ugali na sato wa kuchemsha. Alinikaribisha vizuri, kisha akasema, "Kula ushibe, halafu uende ukaiage hiyo mashua."

Jioni nikaiona. Baba mdogo aliinunua zamani kwa padri mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao, ndiyo maana haifanani na mashua nyingine za pale. Ina mlingoti mmoja mrefu, ambao walikuwa wameusimamisha tena baada ya ile ajali, na nyaya kulia na kushoto, mmoja mbele na mmoja nyuma. Ulikuwa mnara wangu kabisa, ila huu unaelea! Nikachukua donge la pamba, nikalipitisha kwenye waya kutoka chini kwenda juu, kama tunavyofanya kazini. Waya mzima huiacha pamba ipite, na uzi wa chuma uliokatika huinyakua. Nilipofika mwisho, waya ulikuwa umeota ndevu nyeupe kila mahali. Baba mdogo alizitazama zile ndevu. Zile nyaya nyingine nazo zilitaka kukatika siku yoyote.

Siku iliyofuata tuliushusha mlingoti kwa msaada wa wavuvi wa dagaa, tukaulaza juu ya magogo. Nilikata, nikapinda, nikabana klampu, huku naimba. Tukausimamisha tena, nami nikakaza zile skrubu za kuvutia nyaya mpaka waya ukiugonga kwa spana unalia ngii! Mnarani waya ukilia hivyo, kazi imekwisha. Nilishuka natembea kifua mbele.

Asubuhi yake mashua ilikuwa na maji hadi kwenye kifundo cha mguu.

Baba mdogo aliketi mchangani, mikono magotini. Mama mdogo ndiye aliyekuja na ndoo. Hakupanda, alisimama majini akachungulia ndani.

"Mnara wako unasimama juu ya nini?" akaniuliza.

"Juu ya zege, mama."

"Na huu?"

Nikachungulia nami. Ulisimama juu ya mbao za zamani, na mimi kwa kukaza kwangu nilikuwa nimeushindilia chini pande zote.

"Umeugeuza mchi. Unataka utoboe kinu?"

Nililegeza zote, nikaanza upya, safari hii kwa adabu. Pale mbao zilipoachana tukaziba kwa ile pamba ya Nkoma iliyolowekwa mafuta, tukaipigilia kwa patasi butu. Maji yakakoma. Nikamwendea mama mdogo na kumweleza uimara wa nyaya, uzito zinaoweza kubeba, na mengine mengi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sipandi maneno," akasema. "Ilazeni."

Maana yake ilikuwa hivi: kamba ifungwe kileleni mwa mlingoti, watu wavute kutoka ufukweni mpaka mashua ilale ubavu, kama inavyolazwa na upepo mkali. Ikivunjika, ivunjike hapo, kwenye maji mafupi, watu wakiwa salama. Baba mdogo akabadilika rangi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Itahimili?" Nikasema itahimili, nikaenda kuzikagua klampu mara nyingine.

Mchana huo ufuko wote ulijaa. Walikuja wavuvi, wanakwaya waliokuwa wakitoka mazoezini, hata wachunga ng'ombe wakaacha ng'ombe wanywe wenyewe. Tulitoa mawe ya uzito tumboni mwa mashua, watu wakashika kamba. "Haya, vuta!" Mashua ikainama. "Vuta!" Ikainama tena, nyaya za upande wa ziwani zikakaza na kunguruma. Halafu nikaona za upande wetu zimelegea, zinaning'inia kabisa!

"Simameni!" nikapiga kelele. "Zimeachia!"

Mama mdogo akaangua kicheko. Alikuwa hajacheka tangu nifike.

"Hazijaachia, mwanangu. Zinapumzika. Upepo ukigeuka, hizi zitafanya kazi na zile zitapumzika. Vuteni, jamani!"

Wakavuta mpaka ukingo wa mashua ukanywa maji. Mlingoti haukutikisika. Kamba ilipoachiwa, mashua ikainuka kwa kishindo, ikatumwagia maji wote, na ufuko ukalipuka kwa vigelegele. Nilimkumbatia mvuvi nisiyemjua hata jina. Mama mdogo akamwachia mtu ndoo yake, akakunja khanga, akapanda. Alikwenda nyuma moja kwa moja, akashika usukani.

Siku ya safari tuliondoka na upepo wa asubuhi, tumevaa majaketi ya kujiokolea, mizigo ya harusi imefunikwa turubai. Sijui niseme nini kuhusu tanga linapojaa kwa mara ya kwanza na chombo kinaondoka bila injini. Nilipiga mayowe kama mtoto. Baba mdogo akaniambia nisiwatishe samaki. Katikati ya ghuba upepo ukazidi, nyaya za upande mmoja zikalegea, mkono wangu ukaenda kwenye spana wenyewe.

"Acha," akasema mama mdogo, macho mbele.

Nikaacha. Ukerewe tulifika tumelowa na tunacheka, na nilicheza harusi mpaka viatu vikanishinda.

Siku ya kurudi ziwa lilikuwa na mawimbi mafupi na upepo mzuri wa nyuma. Mama mdogo alimwachia mumewe usukani, akasema harusi imemchosha. Akasogea mbele, akatandika khanga chini ya mlingoti, akaegemeza kichwa pale pale. Nilidhani anapumzisha mgongo tu. Baada ya muda nikasikia anakoroma.

Nilimgeukia baba mdogo nimwonyeshe. Alikuwa ameshaona. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni wala hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, na mwingine ameuweka mdomoni kunionya nisipige kelele.

Nimerudi Bariadi, kazini kwangu. Wakaguzi huja na vipimo vyao, wakasaini na kuondoka, nami huwashukuru. Lakini nimejifunza kwamba kuna ukaguzi mmoja tu ninaoutamani, na katika minara yote niliyofunga, hakuna aliyewahi kuja kulala chini yake.